Neno Nililokujibia

Salma mwanangu,

Sasa hivi umekwenda kwa bibi yako kuagana, na nyumba imepoa. Begi lako kubwa liko karibu na mlango, limesimama kama mgeni anayetaka kuondoka mapema. Sitokuandikia habari ya koti wala soksi, wala dawa ya kifua, wala namna ya kupika wali kwenye sufuria ndogo. Hayo nishakwambia mpaka ukacheka ukasema, "Mama, Dublin si jangwani, kuna maduka." Haya, kuna maduka. Nimekaa kwenye meza yangu ya kushonea, nimeisogeza mashine kando, nnaandika polepole kwa sababu mkono huu umezoea sindano kuliko kalamu.

Leo baada ya l-asri nilikwenda Al Khuwair kwa shangazi yako Zuwena, na nimefanya jambo huko. Baba yako kashapata habari. Kavaa kofia yake, katoka. Kwa hiyo wakati naandika haya sijui kesho uwanja wa ndege tutakwenda wangapi, wala sijui kama safari yenyewe ingalipo. Nataka ulisikie jambo hilo kwangu kabla hujalisikia kwa wengine. Lakini siwezi kulianza katikati, maana halikuanzia leo.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa mtoto wa kufikiri. Mtu akikuuliza jina lako, ulimtazama usoni kwanza, kisha ukamtazama viatu, ndo ukajibu. Mimi sikuwa na subira hiyo. Nilikuwa mtoto mwenyewe, mama wa miaka kumi na nane, nikiogopa watu wasije wakasema mtoto wa Rahma bubu. Basi nikawa nakujibia. Kwa daktari: "Inamuuma hapa." Kwa mwalimu: "Alikuwa na homa jana." Dukani kwenye aiskrimu: "Mpe ya embe." Kumbe ya embe huipendi, na hukuwahi kuipenda. Nimekuja kulijua hilo ushakuwa msichana mkubwa, na nishakulisha embe miaka yote hiyo kwa mapenzi.

Nimelelewa hivyo, Salma. Kwenye chuo chetu cha Kurani mtoto akisimama katikati ya aya, mwenzake aliye nyuma humfungulia. Hata imamu mskitini akisita, aliye nyuma yake humtajia. Kumwacha mtu kakwama mbele za watu ni ubaya. Mimi nilijua kimya kuwa ni shimo, na mwungwana ni yule anayewahi kumpa mwenzake mkono.

Halafu akaja Bi Moira.

Unakumbuka binti yake, yule mwalimu wa chuo kikuu, alivyoleta magauni yake nimpunguzie? Siku ya kuyachukua akaniomba, "Mama yangu kaja kukaa na sisi kutoka Ireland. Mchana hana wa kuzungumza naye. Haumwi, ana maneno mengi tu." Nikaona si kazi ngumu hiyo. Nikawa nakwenda nyumbani kwao Madinat Sultan Qaboos asubuhi mara mbili kwa wiki, na zilipofungwa skuli nikakuchukua na wewe.

Siku ya kwanza akakuuliza unapenda kufanya nini. Nikasema mimi, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, "Anapenda kusoma, na kuchora." Bi Moira hata hakunigeukia. Akasema, "Nimemuuliza msichana." Kisha akangoja. Chai ikapoa. Mimi nikawa nakufinya kwa macho, sema basi, sema! Na yeye katulia tu, kama mtu aliyekaa ufukweni. Mwisho ukasema, "Napenda kuwaiga watu."

Nikataka kufa. Yeye akasema, "Niige mimi."

Ukainuka. Ukatembea kama yeye, mkono kiunoni, kidevu juu, ukaomba chai kwa sauti ile yake yenye mchanga ndani. Nikawa naomba ardhi ipasuke nizame. Bi Moira akacheka mpaka akashika kifua. "Rahma," akanambia, "huyu mwanao mwizi. Mwache aibe."

Ndo yakaanza masomo yako ya kuigiza, maana kazi ya Bi Moira maisha yake yote ilikuwa hiyo. Wewe ulikwenda kwa masomo, mimi nikawa nakwenda kwa hadithi. Nilikuwa nashona pindo huku nasikiliza, na sijapata kusikia maisha kama yale. Alianza na miaka kumi na saba, akifagia jukwaa kwenye mji mdogo wa upande wa magharibi wa nchi yao. Kundi lao likizunguka vijijini ndani ya gari la kuuzia mikate, wakiigiza kwenye kumbi za makanisa. Leo mchezo wa kuchekesha, kesho wa kuliza, na watu wamekuja na mvua, makoti yanatoka mvuke mpaka waigizaji hawaonani vizuri. Baadaye akachukuliwa ukumbi mkubwa wa Dublin. Huko nako miaka na miaka alikuwa mtumishi wa nyumbani tu. Anaingia na sinia, anasema, "Mgeni kafika, bibi," anatoka. "Nimebeba masinia kuliko mtumishi wa hoteli," akisema. Na walipompandisha, hawakumpa ubibi harusi. Wakampa kuwa mama, mama wa mwanamme aliyemzidi yeye miaka minne tu.

Televisheni ikaja ikamfanya mwanamke wa posta kwenye tamthilia moja ya kijijini. Ikadumu mpaka watu njiani wakawa hawamjui jina lake. Wakimsimamisha kumuuliza vifurushi vyao. Kuna mama alimkemea sokoni kwa kufungua barua za wenyewe! Kisha wakaja watu wa sinema kutoka nje, wanataka mvua na wanataka vikongwe, na kila sinema yeye ni wa kufia kitandani. "Nimekufa mara nyingi, Rahma, na kila mara nikarudi nyumbani kupika viazi."

Alikuwa na rafiki, mwigizaji mkongwe kama yeye, ambaye maisha yake yote alipewa kuigiza padri, kwa uso wake tu. Siku moja ndani ya basi mzee akamkalia pembeni, akaanza kumwambia dhambi zake. Nikamuuliza, "Akafanya nini?" Akasema, "Akamsikiliza mpaka kituo cha mwisho. Angefanyaje? Mtu alikuwa na haja."

Na mumewe, Donal. Huyo ndiye aliyekuwa na jina. Lakini jina lenyewe lilimjia nywele zishakuwa nyeupe. Kabla ya hapo usiku alikuwa mfalme jukwaani, na mchana anapaka watu rangi nyumba zao. Bi Moira akisema wenzao wengi walikuwa hivyo, wanapata nafasi kubwa ya sinema wakati magoti hayataki tena kupanda ngazi. Hakulisema kwa kulalamika. Alilisema kama mtu anayekwambia mvua ya kwao inanyesha vipi.

Sasa nije kwenye siku ile. Wewe ulikuwepo, wewe ndiye uliyeshika simu.

Watu wa sinema wa kwao walimkumbuka, wakamtaka ajirikodi nyumbani wamuone. Nafasi ndogo tu: bibi mwenye duka, anaingia mwanamme mtu mzima kununua kibiriti, na yule bibi anamfungia huku anamtazama, mpaka anamtambua kuwa ni yule kijana aliyeondoka zamani ikasemwa kafa. Basi anataja jina lake, Martin. Mimi nilipewa kusoma maneno ya mwanamme. Na kwa kuwa Kiingereza nakisoma kwa tabu, nikayahifadhi yote, yangu na yake, kama tulivyokuwa tukihifadhi chuoni.

Tukaanza. Akafunga kibiriti kwenye karatasi. Akainua uso akanitazama, na wallahi, Salma, hakuwa Bi Moira tena. Akanyamaza. Kiyoyozi kinanguruma, na yeye kanyamaza, ananitazama tu. Nikasema nafsini mwangu, maskini, kasahau. Mtu mzima, ataaibika mbele ya mtoto. Nikamfungulia. Nikasema taratibu, "Martin."

Bi Moira akafumba macho. Wewe ukateremsha simu ukasema, "Mama!"

Hakunigombeza. Alisema tu, "Nilikuwa nalo, Rahma. Lilikuwa linakuja." Tukarudia mpaka ikaadhiniwa adhuhuri. Kila mara jina akalitaja sawasawa, na kila mara likawa jina tu. Ukapeleka iliyokuwa na nafuu. Nafasi wakampa mwanamke mwengine, na hawakumwita tena.

Hili hujui: wewe ulipokwenda kumwagilia mimea yake, alinikuta jikoni nalia. Akavuta kiti. Akanambia kwamba kwenye kumbi za kwao kuna mtu hukaa pembeni na kitabu, kazi yake ni moja, kumtajia neno aliyepotea. Mwaka wa mwisho wa Donal, katikati ya mchezo, alisimama. Kimya. Yule mwanamke wa kitabu akaweka kidole kwenye mstari, hakufungua mdomo. Ukumbi mzima ukashika pumzi. Kisha Donal akasema, na watu wakalia.

Nikamuuliza, "Alisahau, au alinyamaza makusudi?"

"Nimelala naye kitanda kimoja umri mzima," akasema, "na nimemzika, na sijui. Hakumwambia mtu. Kile kimya kilikuwa chake."

Sasa yuko kwao, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kusahau kumemjia kweli. Utakwenda kumuona, najua. Ukimkuta anakutazama kama mgeni, usimtajie jina lako mbiombio. Kaa naye, mshike mkono. Huenda likaja. Na lisipokuja, kaa vilevile.

Ungedhani baada ya hapo mamako kajifunza. Sikujifunza. Niliona lile ni jambo la Wazungu na michezo yao.

Ulipopata nafasi ya chuo cha uigizaji, ukoo mzima ulikuja juu. Msichana, peke yake, Ulaya, na tena kuigiza! Baba yako hakukataa wala hakukubali, akawa anazungusha kikombe. Ndipo akaja shangazi Zuwena na sahani ya halwa, kumposea mwanawe Nasser. Akasema maneno mazuri, kwamba utasoma, ila nikaha ifungwe likizo ya kwanza, na ukimaliza urudi kwako. Akakugeukia. "Na wewe Salma, mama, unasemaje?"

Ukatazama zulia. Nilikuona unafikiri. Mimi nakujua ukifikiri, kidole gumba kinasugua kidole cha shahada. Na watu wote wanangoja, na kikombe cha baba yako kimesimama. Nikasema, "Karidhi. Kunyamaza kwake ndo kuridhi kwake."

Vigelegele vikapigwa. Wewe ukainua macho ukanitazama, jicho lile lile la siku ya simu. Kisha ukasema, "Sawa, mama."

Kuanzia siku ile kila mlango ukafunguka. Baba yako akatia sahihi, ami zako wakakutakia kheri, maana mchumba wa mtu haendi kupotea. Nilijua nimenunua nini na nimelipa kwa mali ya nani. Nikajipa moyo kwamba Nasser si kijana mbaya, na kweli si mbaya; ana adabu, ana kazi wizarani, anamheshimu mama yake. Labda unampenda. Labda ungelisema ndiyo mwenyewe, kwa furaha. Ndilo linaloniunguza hilo, mwanangu. Nimekuzaa mimi, na sijui.

Wiki hizi nimekuangalia unafunga vitu vyako. Unaimba ukifunga vitabu. Akitajwa Nasser unaacha kuimba. Leo mchana ulikuwa unakunja ile kanga ya bibi, ukaacha, ukakaa nayo mapajani muda mrefu. Nikachukua funguo ya gari.

Zuwena alinipokea vizuri. "Karibu wifi! Umekuja na tepu, tupime nguo za harusi?"

"Nimekuja kulichukua neno langu."

"Neno gani tena?"

"Nililosema kwamba Salma karidhi. Salma hakusema. Nilisema mimi."

Akatua birika. "Rahma, mwari akinyamaza ndo kakubali. Hilo la dini, si langu wala si lako."

"Akinyamaza kwa haya, ndiyo. Mimi sikumpa hata muda wa kumeza mate."

"Haya maneno ya yule mzungu wako wa sinema."

"Basi nikwambie yangu," nikasema, na sauti hiyo sijui nimeitoa wapi. "Wewe mwenyewe ulikuja kwetu kumposea kaka yako. Ukaniuliza, nikanyamaza. Khalati yangu, nduguye mama, akasema karidhi. Unajua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa natafuta namna ya kuomba nimalize skuli kwanza. Ilikuwa imebaki kidogo. Nilikuwa nayapanga maneno yasije yakawa utovu wa adabu. Nilipoyapata, mshapiga vigelegele."

Zuwena alinitazama kama hajawahi kuniona. "Na miaka yote hii hukusema?"

"Nani kaniuliza tena?"

Nilidhani kalainika. Akainuka, akasema, "Basi kama neno limerudi, na safari irudi. Kaka yangu hakukubali ampeleke mtoto Ulaya bila ya mchumba." Sijafika kwenye gari, kashampigia baba yako. Nimerudi nyumbani Al Khoudh barabara kubwa yote nalia, magari yananipigia honi.

Nilipoingia, baba yako kanisubiri sebuleni. "Unajua ulichokifanya?"

"Nnajua."

"Na mtoto anasafiri kesho."

"Anasafiri kwenda kusoma. Posa ni jambo jengine."

Hapo ndo alipovaa kofia akatoka. Nikakaa kukuandikia.

Nimeacha kalamu kidogo. Baba yako karudi.

Kaja mpaka hapa mezani, akakaa kwenye kile kigoda wanachokaa wateja wangu wakivua viatu. Sijapata kumuona akikaa hapo. Akasema, "Nimetoka kwa Zuwena. Nimemwambia mtoto atakwenda, na Nasser atapewa jibu na mwenye jibu. Kakasirika. Kesho hawaji."

Nikasema alhamdulillahi. Yeye hakuinuka.

"Kanambia na ya skuli," akasema. "Ni kweli?"

"Kweli."

Akanyamaza. Salma, nilitaka kumwambia ya zamani hayo, sahau, umenitunza vizuri, sijuti. Maneno yote yalikuwa mdomoni, yamejipanga, na ni ya kweli mengi yake. Nikauma ulimi. Nikamtazama kofia yake. Alikaa hivyo mpaka jua likamaliza kutoka dirishani, na mimi nikakaa naye.

Kisha akasema, "Ningekubali."

Akashika ukingo wa meza kama mtu anayetaka kuinuka akashindwa. "Rahma, wallahi ningekubali. Ungemaliza."

Tumekaa tu, watu wawili wazima, tunalitazama jambo ambalo halikuwa na aliyelikataa. Sasa kenda kukuchukua kwa bibi, na mimi namalizia kabla hamjafika.

Ukitoka kesho nitalia, usione ajabu, na usirudi nyuma kunibembeleza. Nnakutumainia zaidi ya ninavyojua kusema. Bi Moira aliniambia kazi hiyo ya kuigiza humlipa mtu mwisho, akishachoka kungoja, na wengine haiwalipi kabisa. Nenda tu. Beba masinia.

Nasser anangoja. Ukimtaka, mwambie. Usipomtaka, mwambie, kwa adabu, na lawama za shangazi nitazipokea mimi, mabega ninayo. Na kama bado hujui, nyamaza, mwanangu, nyamaza kadiri utakavyo. Safari hii nyumba nzima itanyamaza na wewe.

Mimi niliyekuzaa,
Mama